George Takei, mwigizaji aliyechelewa kuandika: majibu kwa wasomaji

Nilipomtaja George Takei, aliyeigiza Sulu, rubani wa chombo cha anga katika mfululizo wa televisheni wa Star Trek, katika makala iliyopita kuhusu waigizaji wa Marekani walioshika kalamu, wasomaji kadhaa walitaka kujua zaidi. Nimeyafupisha maswali yao na kuyajibu kwa zamu.

Swali: Huyu Takei ni Mjapani au ni Mmarekani? (Msomaji, Tanga)

Ni Mmarekani wa kuzaliwa. Alizaliwa Los Angeles mwaka 1937. Mama yake naye alizaliwa California, ila baba yake ndiye aliyetoka Japani.

Swali: Uliandika kwamba alikulia kizuizini. Alifanya kosa gani, na jambo hilo lina uhusiano gani na uigizaji? (Msomaji, Mombasa)

Hakuwa na kosa lolote. Alikuwa mtoto wa miaka mitano. Baada ya Japani kuishambulia Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani huko Hawaii, Rais Franklin Roosevelt alitia saini amri namba 9066 mnamo Februari 1942, na kwa nguvu ya amri hiyo watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani waliondolewa katika pwani ya magharibi na kufungiwa kambini bila kufunguliwa mashtaka, ingawa wengi wao walikuwa raia wa Marekani. Familia ya Takei ililazwa kwanza katika mabanda ya farasi kwenye uwanja wa mbio wa Santa Anita, kisha ikapelekwa Rohwer, kwenye mabwawa ya Arkansas, na baadaye Tule Lake huko California, kambi waliyopelekwa wale ambao majibu yao katika hojaji ya uaminifu hayakuiridhisha serikali. Wazazi wake walikuwa miongoni mwao.

Mtoto aliyaona hayo kwa macho ya mtoto. Kulala mahali pa farasi kulimfurahisha, wakati mama yake aliona fedheha na kusikia harufu ya samadi. Mama huyo alikuwa ameificha cherehani katika mizigo yake na kuipitisha mbele ya askari, ili aendelee kuwashonea wanawe. Shuleni kambini watoto walikula kiapo cha utii kwa bendera kila asubuhi, kiapo kinachotaja uhuru na haki kwa wote, na huku dirishani seng'enge na mnara wa walinzi vilionekana waziwazi.

Kuhusu uigizaji, uhusiano upo, kwa maana baada ya vita sura ya Kijapani ilikuwa sura ya adui katika filamu za Hollywood, na nafasi zilizobaki kwa mtu kama yeye zilikuwa za mtumishi, mchekeshaji au askari katili. Baba yake alilijua hilo vizuri. Takei alipoacha masomo ya usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha California pale Berkeley na kutaka kwenda New York kujifunza uigizaji, mzee alikubali kumlipia ada kwa sharti kwamba asome Chuo Kikuu cha UCLA na atoke na shahada mkononi. Alitoka nazo mbili. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutia sauti ya Kiingereza katika filamu ya Kijapani ya majitu, ambako uso wake haukuonekana kabisa.

Swali: Kwa nini nafasi ya Sulu katika Star Trek inasifiwa sana, ilhali mtu mwenyewe hana maneno mengi? (Msomaji, Nairobi)

Umeona sawa, maneno yake ni machache. Lakini kipindi kilipoanza kurushwa mwaka 1966, rubani mwenye asili ya Asia, asiye na lafudhi ya kuchekesha na asiye mtumishi wa mtu, lilikuwa jambo geni kwenye televisheni ya Marekani. Karibu naye aliketi Nichelle Nichols, aliyeigiza Uhura, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa lilitokana na nini. Katika sehemu moja mwandishi alitaka Sulu ashike upanga wa samurai. Takei akapendekeza upanga mwembamba wa Kizungu, kwa hoja kwamba mtu wa karne zijazo hafungwi na asili yake, kisha akaenda haraka kujifunza kuutumia. Kwangu mimi, hapo ndipo alipoandika ukurasa wake wa kwanza, ingawa jina lake halikutajwa kwenye mswada. Unahodha wa chombo chake mwenyewe aliupata katika filamu ya sita tu, mwaka 1991.

Swali: Kama ni shoga tangu ujana, kwa nini alinyamaza hadi uzeeni? (Msomaji, Dodoma)

Kwa sababu ya riziki kwanza. Magazeti ya udaku ya miaka ya 1950 yaliwawinda waigizaji, na mwaka 1955 moja lilichapisha habari za kumhusisha na ushoga Tab Hunter, mwigizaji kijana aliyependwa mno wakati huo; Takei ameeleza mara nyingi jinsi habari hiyo ilivyomtia hofu. Hata tawasifu yake ya kwanza, To the Stars ya mwaka 1994, ni kitabu kinene kinachosimulia kambi na studio kwa urefu, lakini kuhusu mpenzi wake Brad Altman, ambaye tayari walikuwa pamoja, hakisemi ukweli wote. Nakiona ni kitabu kizuri chenye chumba kilichofungwa. Mwaka 2005 Gavana Arnold Schwarzenegger alipoikataa sheria ya ndoa za jinsia moja ya California, Takei, akiwa na miaka 68, alijitangaza hadharani. Yeye na Altman walioana mwaka 2008 katika Jumba la Makumbusho la Wamarekani wenye asili ya Kijapani mjini Los Angeles, na Walter Koenig na Nichelle Nichols, wenzake wa Star Trek, wakawasimamia.

Swali: Nianze na kitabu kipi? (Msomaji, Kigoma)

They Called Us Enemy cha mwaka 2019, kitabu cha michoro alichokiandika na wenzake wawili, Harmony Becker akichora. Michoro inaweza kuonyesha kicheko cha mtoto na uso wa mama yake kwa wakati mmoja, jambo ambalo tawasifu ya maneno matupu ililifanya kwa taabu. Kile cha mwaka 2025, It Rhymes with Takei, ndicho kinachofungua kile chumba.

Swali: Je, kujitangaza kulimpotezea kazi? (Msomaji, Muscat)

La. Aliingia katika mfululizo wa televisheni wa Heroes, na mwaka 2015, akiwa na miaka 78, alipanda jukwaa la Broadway, mtaa wa maonyesho ya tamthilia mjini New York, kwa mara ya kwanza katika Allegiance, mchezo wa nyimbo uliotokana na historia ya kambi zile. Jambo lililowashangaza wengi lilitokea mwaka 2016, waandaaji wa filamu mpya ya Star Trek walipoamua kwamba Sulu, sasa akiigizwa na John Cho, awe shoga kwa heshima ya Takei. Yeye alipinga. Alisema Gene Roddenberry, mbunifu wa Star Trek, hakumuumba Sulu hivyo, na kwamba ingefaa wabuni mhusika mpya. Waandaaji hawakumsikiliza, na mashabiki wengine walimlaumu. Mimi naona alisema kama mwigizaji anayejua kutenganisha mtu aliyemwigiza na maisha yake mwenyewe.