Jeli ya Mitishamba kwenye Kidonda cha Kisukari: Inachoweza na Isichoweza

Tangu nianze kumuuguza mama yangu, ambaye ana kisukari na aliwahi kupata kidonda kwenye unyayo, chini ya kidole gumba, watu wengi wananiuliza kama jeli ya shubiri, ya manjano (kile kiungo cha mapishi) au ya asali huponya kidonda cha mwenye kisukari. Jibu langu ni kwamba jeli inaweza kumsaidia mgonjwa kwa kiasi, ikiwa kidonda ni kisafi na wanaomtibu wameridhia, lakini kidonda cha unyayo hakifungwi na kitu cha kupaka wakati kile kilichokisababisha bado kinaendelea.

Sukari inayokaa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, miguu ikafa ganzi, na mara nyingi mishipa ya damu nayo huziba, huku chembe nyeupe za damu zikipungukiwa na uwezo wa kupambana na vijidudu. Mama alikuwa akitembea juu ya kidonda chake kutwa nzima bila kusikia maumivu, na kila hatua ilikuwa ikiponda nyama changa iliyojitahidi kuota. Siku muuguzi alipochukua kisu kidogo na kuikwangua ile sugu ya rangi ya manjano iliyozunguka kidonda, tuliona kwamba shimo lililofichwa chini yake lilikuwa pana maradufu ya lile tulilokuwa tukilifunika kwa shashi. Baada ya hapo alifungwa plasta ngumu iliyofika chini ya goti ili uzito usiangukie pale, dawa zake za sukari zikarekebishwa, na ndipo kidonda kikaanza kupungua. Ukiniuliza ni kipi kati ya yote tuliyofanya kilichokuwa na thamani zaidi, nitataja plasta ile kabla ya dawa yoyote ya kupaka.

Jeli yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni maji yaliyoshikwa na kitu kinachoyafanya yawe mazito. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha kwamba majeraha ya nguruwe yaliyofunikwa na kubaki na unyevu huota ngozi mpya haraka kuliko yale yaliyoachwa yakauke na kufanya gamba. Kwa hiyo hata jeli isiyo na jani lolote ndani yake hufanya kazi hiyo ya kutunza unyevu, na mara nyingine mmea husifiwa kwa kazi iliyofanywa na maji. Sisemi kwamba mimea haina kitu, kwani shubiri na manjano vina viambato ambavyo vimeonyesha uwezo wa kupunguza uvimbe katika maabara. Tatizo ni kwamba majaribio mengi hufanywa kwa panya, ambaye ngozi yake imelegea na jeraha lake hufungwa zaidi kwa kingo kuvutana, wakati kidonda cha unyayo wa binadamu hulazimika kujazwa na nyama mpya kutoka chini. Panya huyo pia hakanyagi jeraha lake. Mwongozo wa mwaka 2023 wa kikundi cha kimataifa cha wataalamu wa mguu wa kisukari, IWGDF, unashauri kwamba asali na vifunika vidonda vyenye mitishamba visitumike kwa lengo la kuponya vidonda vya aina hii, kwa kuwa ushahidi wake ni dhaifu.

Kwa jeli inayotengenezwa nyumbani sina upole wowote. Jani la shubiri likikatwa hutoa utomvu wa manjano unaowasha ngozi, na ute wenyewe hauwi safi kwa kiwango cha kidonda kilicho wazi hata ukilioshaje jani hilo. Asali ya kawaida inaweza kubeba mbegu za bakteria, ndiyo maana asali ya kitabibu hupigwa mionzi kwanza.

Ikiwa wanaomtibu mgonjwa wameridhia jeli iliyotengenezwa kiwandani na kutakaswa, ipakwe nyembamba kwenye kidonda kikavu kisicho na usaha. Ukifungua bandeji ukakuta kingo zimekuwa nyeupe na zimelainika kama vidole vilivyokaa majini, ujue unyevu umezidi na jeli ipumzishwe. Sehemu iliyokauka na kuwa nyeusi isilowanishwe kabisa kabla daktari hajapima mtiririko wa damu mguuni. Kila wiki pima urefu na upana wa kidonda, uandike, kwa sababu macho yenye matumaini hudanganya. Kidonda ambacho hakijapungua kwa nusu baada ya wiki 4 kinahitaji kuangaliwa upya na wataalamu, si kubadilishiwa chapa ya jeli.

Wekundu unaosambaa zaidi ya sentimita 2 kutoka ukingoni, harufu mbaya, usaha, homa, au sukari inayopanda ghafla bila sababu inayoeleweka ni mambo ya kumpeleka mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo. Futa jeli iliyo juu ya kidonda endapo inaondoka kwa urahisi, funika kwa shashi safi, na ubebe ile chupa au tyubu, kwa maana daktari atataka kujua ni kitu gani hasa kilichopakwa na kwa muda gani.