Kabla ya Wazima Kupimwa, Apimwe Mgonjwa

Mtu akigundulika kuwa na saratani ya kongosho, ndugu zake wa damu huanza kujiuliza kimoyomoyo zamu inayofuata ni ya nani. Swali hilo nimelibeba tangu baba yangu alipofariki kwa ugonjwa huo, na likazidi uzito dada yake, yaani shangazi yangu, alipougua vilevile. Baba aliondoka bila kupimwa vinasaba. Shangazi alipimwa akiwa bado na nguvu, na ni kipimo chake, wala si changu, kilichotutoa gizani. Ndiyo maana ninashauri kwamba mgonjwa ndiye apimwe kwanza, tena mapema, kwa sababu ugonjwa huu hauna subira.

Nianze kwa kuondoa hofu isiyo na msingi. Inakadiriwa kuwa wagonjwa wapatao 10 tu kati ya kila 100 wa saratani ya kongosho ndio wenye chanzo cha kurithi. Tena kinachorithiwa si saratani yenyewe, bali kasoro katika jeni fulani. Kwa shangazi ilikutwa kwenye BRCA2, jeni iliyotambuliwa mwaka 1995, ambayo kazi yake ni kusaidia seli kuunganisha vinasaba vilivyokatika. Ikiharibika, makosa hulimbikizana. PALB2, ATM na BRCA1 nazo hushiriki katika kulinda na kurekebisha vinasaba. Mzazi mwenye kasoro ya namna hiyo humrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, awe wa kiume au wa kike. Nasisitiza hili kwa sababu binamu yangu mmoja, aliposikia kwamba jeni hiyo inahusishwa na saratani ya matiti, alijibu kwamba hayo ni mambo ya akina mama, ilhali ni baba yangu aliyeileta nyumbani kwetu.

Faida ya kuanza na mgonjwa ni hii: mtu asiye mgonjwa akipimwa peke yake na asikutwe na kitu, hawezi kujua kama amekwepa kasoro ya ukoo au kama ukoo wake una kasoro nyingine ambayo maabara haikuitafuta. Baada ya majibu ya shangazi, maabara ilijua mahali hasa pa kutazama. Mimi nilikutwa nayo. Mdogo wangu hakukutwa nayo, na kwake jibu hilo lina maana kamili. Mgonjwa mwenyewe pia hufaidika, kwa kuwa zipo dawa, kama vile olaparibu, zinazowafaa baadhi ya wagonjwa wenye kasoro ya BRCA. Miongozo ya kitabibu ya Marekani imependekeza tangu mwaka 2019 kwamba kila mwenye saratani hii ya aina ya kawaida apimwe, hata kama ukoo wake hauna historia yoyote.

Pale ambapo mgonjwa amekwisha kufariki, kaa na wazee uchore ukoo: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, mstari wa mshazari kwa aliyefariki, na pembeni umri aliougua. Usiridhike na jibu kwamba fulani alikufa kwa tumbo. Uliza kama macho yaligeuka manjano, kama alikonda haraka, kama kisukari kilimwanza ghafla ukubwani. Uliza pia kuhusu saratani za matiti, ovari, tezi dume na utumbo mpana. Melanoma, yaani saratani ya ngozi inayoanzia kwenye seli za rangi, huweza kuashiria kasoro katika jeni ya CDKN2A. Madoa meusi ya midomoni tangu utotoni huashiria kasoro katika jeni ya STK11. Na uvimbe wa kongosho usio saratani (pankreatitisi) unaojirudia tangu ujanani huelekeza kwenye jeni ya PRSS1.

Ukikutwa na kasoro, pima uzito wake kwa utulivu. Kwa watu wote kwa jumla, hatari ya maisha yote ni chini ya 2 kwa 100. Kwa mwenye BRCA2 hukadiriwa kuwa kati ya 5 na 10, maana yake wengi wao hawataugua kamwe. Uchunguzi hufanywa kila mwaka kwa MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku, au kwa endoskopi yenye ultrasaundi, yaani mrija mwembamba unaopitishwa mdomoni na kupiga picha kwa mawimbi ya sauti, na kwa walio wengi huanza kwenye umri wa miaka 50, au miaka 10 kabla ya umri aliougua ndugu mdogo kuliko wote, ingawa wenye STK11 huanza mapema zaidi. Kipimo cha damu cha CA 19-9 pekee hakitoshi.

Kuhusu sigara sina maneno ya upole. Rais wa zamani wa Marekani, Jimmy Carter, alimpoteza baba yake na wadogo zake wote watatu kwa saratani ya kongosho, naye akafariki mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 100. Mwenyewe alieleza kwamba wao walivuta sigara na yeye hakuvuta. Mfano wa familia moja si ushahidi, lakini inajulikana kuwa uvutaji huongeza hatari hii takriban maradufu.

Ukishapata majibu, omba nakala ya maabara inayotaja kasoro yenyewe kwa herufi na namba zake, kisha umpe kila ndugu wa damu. Ndugu akienda kupimwa na karatasi hiyo mkononi, maabara haihitaji kubahatisha.