Ini lina mafuta, moyo unaingiaje?

Daktari, nilipigwa ultrasaundi kutafuta mawe kwenye nyongo, nikaambiwa ini lina mafuta. Sinywi pombe hata tone. Yametoka wapi? (Msomaji, Tanga)

Pombe ni njia moja tu. Nyingine ni kitambi, kisukari cha ukubwani na mafuta mengi kwenye damu. Insulini ikishindwa kufanya kazi yake sawasawa, sukari na mafuta ya ziada huishia kwenye ini. Ndiyo maana mwaka 2023 wataalamu waliupa ugonjwa huu jina jipya, linalotaja hitilafu ya umetaboli, yaani jinsi mwili unavyotumia chakula.

Nilikwenda kwa ajili ya ini, nikapimwa presha, sukari na umeme wa moyo. Si kunimalizia hela tu? (Msomaji, Nakuru)

Hapana, mama, daktari wako amekutendea haki. Wengi wenye mafuta kwenye ini hawafi kwa ini. Kinachoongoza kuwaua ni moyo na mishipa. Ini lililojaa humwaga mafuta kwenye damu, yale yanayoandikwa trigliseridi kwenye karatasi ya maabara, huku kolesteroli nzuri ikishuka. Humwaga pia kemikali za uvimbe zinazoudhi kuta za mishipa, na hapo utando wa mafuta hupata pa kushika. Presha ikiwa juu, mambo huenda mbio zaidi. Mimi humlaumu daktari anayesema “ini lina mafuta kidogo, usijali” kisha asipime kitu kingine.

Nimeacha statini, dawa ya kushusha kolesteroli, nisije nikaua ini. (Msomaji, Mombasa)

Rudi kwa aliyekuandikia, wiki hii. Mafuta kwenye ini si sababu ya kuacha statini. Tahadhari ni kwa ini lililokwisha kuharibika vibaya. Ulichoacha ni kinga ya moyo wako.

Maji ya moto na limau asubuhi yanasafisha ini? (Msomaji, Dodoma)

Hayasafishi.

Nina kilo 90. Nipunguze ngapi? (Msomaji, Arusha)

Ukipunguza asilimia 5, yaani kilo nne na nusu, mafuta ya ini huanza kupungua. Ukifika 7 hadi 10, hata uvimbe hutulia. Ila polepole, kaka: kujinyima chakula kwa ghafla kunaweza kuliudhi ini zaidi. Anza na soda. Chupa ya nusu lita huwa na gramu 50 hivi za sukari, vijiko 12 vya chai, na ini ndilo linalogeuza sehemu yake kuwa mafuta. Kisha tembea kwa kasi nusu saa, siku tano kwa wiki. Ukirudi kliniki, usikubali kupimwa uzito peke yake. Omba na kiuno kipimwe.