Wadogo zangu wa jiografia, haya ya kazini myajue mapema

Wadogo zangu munaosoma jiografia, SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) na kwengineko, kazini hamuulizwi maana ya mmomonyoko. Munaambiwa maji ya chumvi yameingia kwenye mpunga, nendeni mukapime yamefika wapi na Ijumaa ramani iwe mezani, basi.

Mie mwaka wangu wa kwanza nilipelekwa kijiji kimoja cha pwani huku Pemba, nikachukua pointi kwa GPS kutwa nzima kwenye bonde ambalo mpunga ushakauka na udongo una ukoko mweupe wa chumvi. Narudi ofisini nafungua QGIS, programu ya kuchorea ramani, naziweka pointi juu ya ramani ya zamani, mashamba yote yamehama, mengine yako baharini kabisa. Siku mbili nahangaika nadhani GPS mbovu, kumbe ile ramani imechorwa kwa datamu (msingi wa kupimia mahali duniani) ya Arc 1960 na GPS yangu iko datamu nyengine, WGS84, na zote ni UTM zoni 37 Kusini, yaani gridi ya mita ya namna moja, kwa hivo ukitizama namba huoni tabu yoyote, lakini hapa kwetu zinapishana kama mita 300. Chuoni tulisomeshwa na mtihani nilifaulu, ila hakuna alienipa ramani mbili zisizokubaliana akanambia zipatanishe. Waombeni walimu wenu mazoezi ya namna hii sasa hivi, na kila faili andikeni datamu yake na tarehe, atakaekuja nyuma yenu asihangaike.

Jengine, kijijini anza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa pale mtaani. Ukiingia tu mashamba ya watu na GPS mkononi watahisi umekuja kuwapimia ardhi yao wanyang'anywe, na hapo hupati neno tena. Sheha atakukutanisha na mama anaelima pale pale, na huyo ndo atakaekuonesha bamvua (maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) la mwaka jana maji yaliishia mnazi gani, setilaiti haikupi hilo.

Na maji ya bahari, kujaa na kupwa, yaulizieni kabla ya kupanga safari, bamvua yanapanda na kushuka kama mita 4, ukifika kwenye mikoko yamejaa basi siku imekwenda na mafuta ya ofisi pia.

Programu musizisubiri, QGIS ni bure na picha za setilaiti za Sentinel-2 ni bure. Chukua shehia yenu, yaani eneo la sheha wenu, ichore mwenyewe, kisha mpelekee sheha ukae kimya, umuone kama anaikuta nyumba yake bila ya wewe kumuonesha.