Mji wowote, ila kiti cha kurudi kishikwe mapema

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: je, mke na mume, au wachumba, wanaweza kutoka Nairobi Ijumaa bila kujua wanaelekea mji gani, wakarudi Jumapili bila kununiana? Wanaweza. Lakini kinachoachiwa bahati kiwe mji tu. Saa za barabarani, kitanda cha usiku wa kwanza na kiti cha kurudi havibahatishwi. Wengi hufanya kinyume: hubishana wiki nzima kuhusu mji, halafu Jumapili saa kumi jioni wako kwenye steji ya ugenini, mikoba miguuni, wanagombania gari.

Anzeni na saa. Kwa gari la abiria, safari isizidi saa nne kwenda. Ndani ya mpaka huo mna Machakos (kilomita 60 na kitu), Naivasha (90 hivi), Nyeri (150 hivi), Nakuru (160 hivi) na Nanyuki (200 hivi). Kisumu iko kilomita 350 hivi, na kwa basi hiyo ni saa saba au zaidi. Iacheni hadi wikendi yenye sikukuu, au mpande ndege, ambayo haimalizi saa moja hewani.

Andikeni miji mitano kwenye vikaratasi. Kila mmoja achane kimoja bila kuulizwa sababu, kisha okoteni kutoka kwa vitatu vilivyobaki. Huko kuchana ndiko kunakookoa wikendi: mji wa wakwe, au mji ambako mtu ana deni, huondoka kimya kimya. Aliyeokota karatasi asichague chumba. Hiyo ni kazi ya mwenzake. Hivyo kila mmoja ana la kulaumiwa nalo, na lawama hupungua.

Kwa kuwa hamjui mnakokwenda, mkoba ufungwe wa baridi na wa joto pamoja: sweta, leso, ndara, chaja, dawa ya kupaka ya kufukuza mbu, na vitambulisho vyenyewe, si picha kwenye simu. Mkoba mmoja kwa kila mtu, unaokalika mapajani. Matatu ya abiria 14 haina buti ya maana, na mkoba mkubwa mtautozwa au utawekwa mahali msipouona.

Steji ya magari ya Nakuru na Naivasha ni Nyamakima, na hapo ndipo wageni wa mtindo huu hukwama. Gari huondoka likijaa, basi mnatafuta lililobakiza viti viwili. Wapiga debe wanalijua hilo, kwa hiyo huketisha watu wao ndani ili gari lionekane limekaribia kujaa. Mkishalipa, “abiria” hao hushuka mmoja mmoja kana kwamba wanakwenda kununua maji. Waangalieni kabla ya kupanda: hawana mikoba, hawana haraka, na makanga anawajua kwa majina. Gari lililojaa kweli lina mizigo chini ya miguu. Msikubali mtu awabebee mkoba “kuwasaidia”, kwa sababu anauingiza katika gari lake na nyinyi mnaufuata. Nauli lipeni ofisini mwa sako, yaani ushirika wa wenye magari, au ndani ya gari, si kwa mtu aliyesimama kando ya barabara. Mkikuta wamepandisha kwa sababu ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kubishana hakutasaidia. Gari la Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi kwa kawaida huwa nafuu, na barabara huwa nyeupe.

Kwenda Nakuru kaeni upande wa kushoto. Jua la alasiri litawachoma, lakini Bonde la Ufa lote liko upande huo. Kiti cha sambaza, ule ubao wa katikati, kataeni hata mkipunguziwa bei.

Chumba cha usiku wa kwanza kitafuteni mkiwa njiani, kabla jua halijatua. Ulizeni maneno haya haya: “Bei ni ya chumba au ya mtu?” Hoteli nyingi hutaja bei ya mtu mmoja, na bili ya wawili huja mara mbili yake. Baadhi ya nyumba za wageni za makanisa huuliza kama mmeoana na haziruhusu pombe. Ni safi na tulivu, lakini ulizeni mapema. Kwa nyumba za kupanga za usiku mmoja, msitume amana kwa namba ya mtu binafsi kwa sababu ya picha nzuri. M-Pesa huwaonyesha jina la mpokeaji kabla hamjathibitisha. Lisipolingana na la aliyewapigia simu, ghairini. Mkiwa mmekosea namba, pelekeni ujumbe wa muamala kwa 456, namba ya kuomba pesa zirudishwe, papo hapo, kabla pesa hazijatolewa.

Chumba kionwe kabla ya kulipiwa. Washeni hita ya bafu na mfungulie maji kwa dakika mbili. Ya vuguvugu baada ya dakika mbili yatabaki hivyo asubuhi. Jaribuni kufuli. Kisha fungueni dirisha mchungulie chini: spika zilizoelekezwa huku ni klabu, na klabu ya Nakuru Jumamosi hailali.

Tuseme karatasi imesema Nakuru, ambayo ilipandishwa kuwa jiji Desemba 2021. Mbuga ya Ziwa Nakuru haiingiliki kwa miguu wala bodaboda, na kukodi gari kwa watu wawili tu ndiko kunakovunja bajeti. Ulizeni hotelini kama kuna wengine wa kugawana nao. Malipo ni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, si pesa taslimu, na bila kitambulisho hamtapewa bei ya mwananchi. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Hiyo ndiyo saa ya kuingia, si saa tano wanyama wakiwa vivulini.

Mimi ningeanza na Hyrax Hill, kilima kilicho kando ya barabara ya Nairobi, ambako Mary Leakey alichimba mwaka 1937. Kuna makumbusho madogo, masalia ya makazi ya kale, na bao lililochongwa juu ya mwamba. Saa mbili zinatosha na kiingilio hakiumizi. Alasiri pandeni mlima Menengai, wenye kilele cha mita 2,278. Bodaboda apatane nanyi bei ya kwenda na kurudi na awangoje, maana huko juu usafiri wa kushuka ni wa kubahatisha. Kasri la Egerton, nje ya mji, lilianza kujengwa 1938 na Bwana Egerton kwa ajili ya mwanamke ambaye, kwa masimulizi yanayojulikana, alilikataa. Maharusi humiminika huko kupiga picha, jambo ambalo sijawahi kulielewa.

Mombasa ndiyo pekee inayovunja kanuni ya saa nne, kwa sababu ya treni. Tiketi ya kawaida hadi Mombasa ilipandishwa kuwa shilingi 1,500 mwanzoni mwa 2024. Treni ya usiku huandikwa 22:00, yaani saa nne usiku, na inaondoka Syokimau, si mjini. Ukaguzi wa mizigo unataka mfike saa nzima kabla. Tatizo lake ni kufika: mnashushwa Miritini kabla ya alfajiri, na hoteli hutoa chumba saa nane mchana. Ombeni hoteli iwawekee mikoba, mle mahamri na mbaazi Mji wa Kale, muingie Fort Jesus asubuhi kabla ya joto. Treni ya saa tisa alasiri inafika usiku wa mapema, nayo ni bora kwa anayeweza kutoka kazini. Nunueni tiketi ya kurudi siku ile ile mnayonunua ya kwenda. Ya Jumapili ndiyo huisha kwanza. Na mkirudi kutoka Pwani au Kisumu, homa yoyote baada ya wiki moja hadi mwezi ipimwe malaria.

Barabara ya Nakuru Jumapili haina huruma. Kila mtu anarudi saa ile ile, na dereva mmoja akijitengenezea mstari wa tatu, magari yanayokuja hukosa pa kupita na pande zote husimama. Viti vishikwe Jumamosi, ofisini mwa sako, na gari liwe la kabla ya saa sita mchana. Likiwapita, msigombanie la jioni. Laleni tena, mpande la alfajiri ya Jumatatu, na mvae nguo za kazi kabisa. Foleni ya Uthiru, mkiingia Nairobi, haitawaachia muda wa kupitia nyumbani.