Maswali ya wasomaji: gari la kukupokea uwanja wa ndege

Toleo lililopita tuliomba maswali kuhusu kukodi gari binafsi la kukutoa uwanja wa ndege hadi mjini. Mengi yamehusu Dar es Salaam, machache Zanzibar na Nairobi. Yaliyofanana tumeyaunganisha.

Mama yangu anasafiri peke yake kutoka Muscat kwenda Dar es Salaam. Tiketi inaonyesha ndege itatua Jumatano tarehe 15, 00:40. Ana miaka 71, simu yake ni ya vitufe na hana laini ya Tanzania. Nataka gari limfikishe Upanga, mlangoni kwa dada yangu. Nianzie wapi? (Msomaji, Muscat)

Anzia kwenye tarehe, maana safari nyingi za usiku huharibikia hapo. 00:40 ya tarehe 15 ni usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano. Ukimwandikia dereva "Jumatano usiku, saa 6:40", atakuja uwanjani siku nzima baadaye, tena akiwa na haki ya kukudai nauli. Andika ujumbe hivi: "Usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano tarehe 15, saa 6:40 usiku, yaani 00:40." Ni mrefu, lakini hauna njia mbili za kuusoma. Na usipunguze saa moja kwa kuwa Muscat iko mbele ya Dar. Tiketi huandika saa ya mahali ndege inapotua, kwa hiyo hesabu hiyo imeshafanywa.

Pili, toa namba ya ndege, si jina la shirika peke yake. Dereva mwenye namba huifuatilia mtandaoni na kujua kama ndege imechelewa kuondoka kabla hajatoka nyumbani. Mama akibadilisha ndege njiani, namba inayotakiwa ni ya kipande cha mwisho, kile kinachotua Dar. Watu wengi hutuma ile ya kwanza kwa sababu ndiyo iliyo juu kwenye karatasi.

Safari za nje hushukia Terminali 3 ya Uwanja wa Julius Nyerere, iliyofunguliwa mwaka 2019. Terminali 2 ni ya safari za ndani. Majengo haya mawili yako mbalimbali kiasi kwamba dereva aliyesimama penye jengo lisilo lake hatamwona mama hata wakeshe wote wawili.

Omba kiti mwendo kwa shirika la ndege, si kwa mwenye gari, na uombe angalau saa 48 kabla ya safari. Hata kama mama anatembea vizuri, kiti hicho kinakuja na mtumishi ambaye atamvusha uhamiaji, atasubiri naye mabegi na kumtoa hadi ukumbi wa wanaowasili. Kasoro yake ni moja: wenye viti huwa wa mwisho kushuka kwenye ndege. Kwa hiyo hesabu saa moja hadi saa moja na nusu tangu ndege iguse ardhi mpaka mama atokeze nje. Hapo ndipo penye jambo la kupatana na dereva: muda wa kusubiri bila malipo uanze kuhesabiwa ndege inapotua kweli, si saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Kampuni nyingi hutoa dakika 60 kwa safari za kimataifa. Kwa mama yako, omba 90 na uzilipie ikibidi.

Mwambie dereva asimame ukumbini, asisubiri simu akiwa kwenye maegesho, kwa sababu simu hiyo haitapigwa. Kibao chake kiwe na jina ambalo mama analiitikia. Kuna mama wengi ambao jina la ukoo lililo kwenye pasi hawajaitwa hata siku moja, watakipita kibao hivi hivi. Ukiandika "Mama" na jina la mtoto wake wa kwanza, atageuka mara moja.

Kisha mpe karatasi ya kutia mkobani, yenye herufi kubwa: jina la dereva na simu yake, namba ya gari, simu ya dada yako na maelezo ya nyumba. Karatasi hiyo akimwonyesha mtumishi wa kiti au askari yeyote, simu itapigwa. Maelezo ya nyumba yasiishie "Upanga", kwani kuna Upanga Mashariki na Upanga Magharibi. Taja mtaa, namba ya nyumba na jengo la jirani linalojulikana, na dada amtumie dereva lokesheni kwa WhatsApp akiwa amesimama getini kwake. Kwa kweli ni bora dada ndiye aweke oda nzima. Yuko hapo, ana laini ya Tanzania, na ndiye atakayekuwa macho saa nane za usiku.

Natua Dar kutoka Dodoma, naenda Mbezi Beach. Dereva mmoja anataka 35,000, kampuni moja 60,000, nyingine imeniandikia dola 35. Wote wanasema hiyo ndiyo bei ya mwisho. Nimwamini nani? (Msomaji, Dodoma)

Inawezekana wote ni wakweli, ila hawakuuzii kitu kimoja. Waulize maswali haya haya: je, ada ya maegesho ya uwanjani imo? Kusubiri ni dakika ngapi, na zikipita analipisha kiasi gani? Usiku bei inapanda? Nikitaka kusimama dakika kumi kwenye mashine ya benki au duka la dawa? Bei ni ya gari zima au ya kichwa? Mara nyingi yule wa 35,000 anahesabu mafuta na mwendo tu, na mkifika kwenye kizuizi cha kutokea atakugeukia na tiketi ya maegesho mkononi. Huo si wizi, ni mapatano yaliyofanywa nusu. Wa 60,000 anaweza kuwa ameshaweka yote ndani.

Wa dola 35 mwombe bei ya shilingi. Kanuni zilizotolewa mwaka 2025 zinakataza bei za bidhaa na huduma ndani ya Tanzania kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni, isipokuwa katika mambo machache yaliyoainishwa, na safari ya teksi ya Dar si mojawapo. Zaidi ya sheria, bei ya dola humwachia yeye nafasi ya kuchagua kiwango cha kubadilishia siku ya kulipa.

Hakikisha pia wote watatu wamekuelewa unakwenda Mbezi ipi. Mbezi Beach iko upande wa Barabara ya Bagamoyo. Kutoka uwanjani unapita TAZARA, unashika Mandela hadi Ubungo, Sam Nujoma hadi Mwenge, ndipo unaingia Bagamoyo. Mbezi ya Barabara ya Morogoro, kwenye stendi kuu ya mabasi, ni safari nyingine kabisa. Anayeandika "Mbezi" tupu hupewa bei ya moja na kupelekwa nyingine.

Kuhusu malipo ya awali, kidogo si vibaya, kwani dereva naye anaogopa abiria asiyetokea. Lipia kwa lipa namba, na kabla ya kuweka namba ya siri usome jina linalojitokeza. Likiwa la mtu usiyemjua badala ya kampuni au dereva uliyeongea naye, acha hapo hapo. Usije ukaangukia kwa matapeli wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Omba pia picha ya gari inayoonyesha namba. Tanzania Bara, gari la biashara lina kibao cheupe chenye maandishi meusi, la mtu binafsi lina cha njano. Anayejiita kampuni ya usafiri akakutumia gari la kibao cha njano, hana leseni ya kubebea abiria kwa gari hilo, na likisimamishwa na trafiki utakaa pembeni ya barabara ukisubiri wayamalize.

Programu za simu za kuita gari huwa nafuu mchana kwa mtu mwenye begi moja na intaneti. Udhaifu wake ni simu ile ya "unaenda wapi, unalipa keshi?" Jibu lisipompendeza dereva, anafuta safari na unaanza upya. Kwa Mbezi Beach jioni, au kwa ndege ya alfajiri, bei ya mapatano ina thamani yake.

Tuko watu wazima wawili, watoto watatu na mabegi sita makubwa. Dereva anasema Noah inatosha. (Msomaji, Doha)

Inatosha kwa watu au kwa mabegi, si kwa vyote. Noah ina safu tatu za viti. Mkikaa safu ya tatu, nyuma hubaki upenyo wa mabegi madogo mawili hivi. Mkiikunja, mabegi sita yanaingia kwa kubanana, lakini ninyi watano mnabaki na kiti cha mbele na safu ya kati, na mtoto mmoja atapakatwa. Alphard ni pana zaidi ila hesabu yake ni ile ile. Chukueni Hiace, au Noah pamoja na gari dogo la mizigo. IST, kwa kulinganisha, buti lake linameza mabegi makubwa mawili na hapo umeshamaliza.

Mpelekee dereva picha ya mabegi yakiwa yamesimama pamoja, maana neno "mabegi sita" kila mtu analiona kwa ukubwa wake. Kiti cha mtoto mchanga njooni nacho. Magari mengi hayana, na hata anayekubali kuleta huenda akaleta kisicholingana na umri wa mtoto.

Natua kutoka Mwanza saa 8:30 mchana, boti yangu ya Zanzibar inaondoka saa 10:00 jioni. Gari binafsi litaniwahisha? (Msomaji, Mwanza)

Usiweke tumaini hapo. Gari binafsi hukuondolea kutafuta usafiri, foleni haliwezi kuiruka. Ukiwa na begi la kusubiri, utatoka nje karibu saa 9:10. Kutoka uwanjani hadi mjini ni kama kilomita 12. Usiku wa manane ni dakika 25, lakini alasiri inaweza kuwa saa nzima na zaidi, kwani tangu TAZARA hadi Kamata magari hujazana, na msafara wa kiongozi ukipita Barabara ya Nyerere wote mnasimamishwa. Bandarini nako kuna ukaguzi wa mizigo kabla ya kupanda. Badili uchukue boti ya kesho yake, au nunua tiketi ya ndege hapo hapo uwanjani: ni kama dakika 20 angani.

Siku utakayokwenda bandarini, usimwambie dereva "Feri". Kwa watu wa Dar hiyo ni Magogoni, kwenye kivuko cha Kigamboni na soko la samaki. Sema "boti za Zanzibar, Barabara ya Sokoine, mkabala na Kanisa la Mtakatifu Yosefu".

Nimekodi gari linichukue Kilimani hadi JKIA (Uwanja wa Jomo Kenyatta) alfajiri. Dereva anasema nitashuka kabla hatujafika. Ni sawa? (Msomaji, Nairobi)

Ni sawa. Kwenye kizuizi cha usalama cha JKIA abiria hushuka, wanapita kwenye mashine kwa miguu, gari linakaguliwa, kisha mnapanda tena upande wa pili. Pasipoti, simu na pesa ziwe mwilini mwako wakati huo, na umwangalie dereva anaposimama. Mwulize pia kama ada ya Expressway imo kwenye bei. Barabara hiyo ya kilomita 27, iliyofunguliwa 2022, hutoza kulingana na ulipoingilia na ulipotokea. Na ukisema "Terminali 1" tu hujasema kitu, kwa kuwa kuna 1A hadi 1E. Soma herufi kwenye tiketi.

Hoteli yetu iko ndani ya Mji Mkongwe. Kampuni imeandika "mlango hadi mlango". (Msomaji, Kampala)

Mlango wa hoteli nyingi za Mji Mkongwe gari haliuoni. Vichochoro ni vyembamba, na gari huishia pembezoni: Forodhani, Malindi, Mkunazini au Darajani, kutegemea hoteli iko upande gani. Iulizeni hoteli, siyo kampuni, mambo mawili: gari lishushe wapi hasa, na je, watatuma mtu kuja kuwachukua hapo. Hoteli nyingi hutuma mtu, ila lazima wajue saa mliyoondoka uwanjani, kwa hiyo dereva awapigie mnapoanza safari, kwani uwanja uko karibu na mtafika upesi. Mkishukia upande usio wenu, mtaburuta mabegi robo saa juu ya mawe, na magurudumu madogo hayapendi mawe yale. Akijitokeza hamali mwenye mkokoteni, patana naye bei ya mabegi yote hadi ndani ya hoteli kabla begi la kwanza halijashuka kwenye gari.