Meli namba 102: ilisaidiaje kutua bila kushusha askari?

SWALI: Nimeona picha ya meli ndogo ya kivita yenye namba 102, iliyohifadhiwa Mare Island, California. Maelezo yanasema ni chombo cha kusaidia askari kutua ufukweni, lakini omo yake (sehemu ya mbele) haina mlango wala ngazi ya kushushia watu. Ilisaidia vipi? Na imewezaje kufanya kazi miaka sitini ilhali ilijengwa harakaharaka wakati wa Vita vya Pili vya Dunia? (Mwanafunzi wa uhandisi wa meli, Tanga)

JIBU: Umetazama vizuri. Haikubuniwa kushusha mtu. Hiyo ni LCS(L)(3)-102 (LCS ni kifupi cha Kiingereza cha chombo cha kusaidia kutua), moja ya vyombo 130 vya aina yake vilivyojengwa Marekani, na kazi yake ilikuwa kupiga, si kubeba.

Chanzo chake ni Tarawa, visiwa vya Pasifiki vilivyoshikwa na Wajapani, Novemba 1943. Manowari kubwa za Marekani zilikishambulia kisiwa kimojawapo, Betio, kwa mizinga, kisha zikanyamaza zisije zikawaua askari wao wenyewe waliokuwa wakikaribia pwani. Katika kimya hicho Wajapani waliosalia mahandakini walirudi kwenye bunduki zao. Siku hiyo maji nayo yalikuwa mafu, yaani hayakujaa vya kutosha, boti nyingi zikakwama kwenye mwamba, na askari wakalazimika kutembea majini mamia ya mita huku wakipigwa risasi. Kilichokosekana ni mizinga ya kwenda nao bega kwa bega hadi ufukweni, na meli kubwa haiwezi kufika huko bila kugusa chini.

Wabunifu hawakuanza upya. Walichukua bodi ya LCI(L), chombo cha kubebea askari wapatao 200 chenye urefu wa mita 48 hivi na ambacho sehemu yake iliyo ndani ya maji haifiki mita mbili, wakaijaza silaha. Kulikuwa na mizinga ya milimita 40 iliyofungwa miwili miwili, minne ya milimita 20, mmoja zaidi omoni, na nyuma yake mitambo kumi ya kurushia roketi 120. Roketi hizo zilifika kama kilomita moja tu. Kwa hiyo chombo kilitangulia mbele ya boti za askari, kikarusha roketi zake, kikapisha pembeni, na kuendelea kupiga kwa mizinga huku boti zikipita.

Kwako wewe wa uhandisi, utamu uko chini ya sitaha. Hakuna injini kubwa hata moja mle. Kuna dizeli nane za General Motors aina ya 6-71, za mizunguko miwili na silinda sita, familia ileile iliyokuja kuendesha mabasi na malori duniani kote. Nne zinasukuma shafti moja na nne shafti ya pili. Kila injini ina klachi yake, kwa hiyo fundi aliweza kuitoa moja kazini na kuifungua huku tatu zilizobaki zikiendelea kusukuma. Injini hazikugeuzwa mzunguko ili kurudi nyuma. Mapanga ya propela ndiyo yaliyogeuzwa pembe. Mwendo wa juu ulikuwa kama noti 16 (kilomita 30 hivi kwa saa). Mimi naona hapo ndipo jibu la swali lako la pili lilipo: bodi ya chuma cha kawaida, na injini ambazo vipuri vyake vilipatikana muda mrefu baada ya vita. Chombo chenye mashine ya kipekee hufa siku kiwanda chake kinapofungwa.

Kuhusu utumishi, mwanzo ulikuwa mchungu. Alfajiri ya tarehe 16 Februari 1945, katika bandari ya Mariveles karibu na Corregidor, Ufilipino, boti ndogo za Kijapani zilizojazwa baruti zilivivamia vyombo hivi zikiwa zimejitoa mhanga. Namba 7, 26 na 49 zikazama. Siku tatu baadaye vyombo 12 vya aina hii vilikuwa kwenye kisiwa cha Iwo Jima, Japani, vikifanya kazi viliyobuniwa kuifanya.

Okinawa, kisiwa kingine cha Japani, ndiko vilikopata sifa, tena kwa kazi nyingine kabisa. Manowari za rada ziliwekwa mbali kuzunguka kisiwa ili zione ndege mapema, na ndege za kujitoa mhanga zikawa zinaziangukia hizo kwanza. Vyombo hivi vidogo vilipelekwa kukaa nazo kwa sababu vilikuwa na mizinga mingi ya kutungua ndege, pampu kubwa za kuzimia moto, na sitaha iliyo chini ambayo ni rahisi kumvutia majeruhi. Namba 33 ilizamishwa huko tarehe 12 Aprili, namba 15 tarehe 22. Tarehe 10 Juni ndege ilianguka kando ya manowari William D. Porter na kulipuka chini ya mkuku wake (uti wa chini wa meli). Manowari ilizama, lakini hakufa baharia hata mmoja. Namba 122 ya Luteni Richard McCool ilikuwa kati ya waokoaji. Kesho yake jioni 122 yenyewe ikapigwa. McCool, akiwa amejeruhiwa na kuungua, aliongoza uzimaji moto na kuwatoa watu wake waliokwama, na chombo kikabaki juu ya maji. Alipewa Medali ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya kijeshi ya Marekani.

Baada ya vita ile sifa ya kuzama kidogo ikavipeleka mitoni. Wafaransa walivitumia Indochina, kisha Vietnam Kusini ikavirithi. Japani, adui wa jana, ilipewa vingi mwaka 1953, na 102 ilikuwa miongoni mwavyo. Mwaka 1966 ikahamia Thailand, ikatumika huko hadi iliporudishwa California mwaka 2007.

Ukitaka kuifuatilia kwenye kumbukumbu, usitafute kwa namba tu. Mwaka 1949 Marekani ilibadilisha jina la aina nzima kuwa LSSL, kwa hiyo nyaraka za baadaye hazisemi LCS. Kwa Wajapani iliitwa Himawari, na kwa Wathai Nakha.